Uzi: Profesa Wangari Maathai, kutoka maabara ya anatomia ya mifugo hadi Bunge

Mzee wa Ngara (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona tunamkumbuka Profesa Wangari Maathai upande mmoja tu. Iliyokuwa Forest Road hapa Nairobi leo ina jina lake, na kila msitu unaponyemelewa na wanyakuzi picha yake huzunguka katika simu zetu. Lakini mwulize kijana yeyote kwenye kituo cha matatu mama huyu alikuwa profesa wa nini, naye atakujibu kwamba alikuwa profesa wa miti. Sivyo. Alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo, na shahada yake ya uzamifu ya mwaka 1971, ya kwanza kutunukiwa mwanamke katika Afrika Mashariki na ya Kati, ilihusu jinsi tezi za uzazi za ng'ombe zinavyokua na kujipambanua.

Kwa ufupi, kwa wasioifahamu safari yenyewe: alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akasoma Loreto Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa Wakenya wapatao 300 waliopelekwa Marekani kwa ule mpango wa ndege za wanafunzi. Alihitimu biolojia mwaka 1964 katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, Kansas, kisha akafanya uzamili Pittsburgh. Mwanzoni mwa 1966 alirudi nyumbani akiwa ameahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti kwa profesa wa zoolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa University College, na alipofika akaambiwa kwamba nafasi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kuwa mwanamke, na kuwa wa kabila lisilotakiwa na aliyekuwa akigawa kazi, kulichangia. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann wa Giessen, Ujerumani, aliyekuwa akiianzisha idara ya anatomia ya mifugo na aliyemchukua katika sehemu ya anatomia ya hadubini. Alikwenda kusoma Giessen na Munich kuanzia 1967, akarudi 1969 kuwa mhadhiri msaidizi, akawa mkuu wa idara mwaka 1976 na profesa mshiriki mwaka 1977. Katika vyeo hivyo viwili vya mwisho hakuna mwanamke aliyemtangulia chuoni hapo.

Hoja yangu ni hii, na ninaomba tuibishanie kwa staha: mazoea ya maabara, yaani kuuliza ushahidi uko wapi, kuhesabu kilichopo badala ya kilichoahidiwa, na kutoogopa jibu lisilopendeza, ndiyo yaliyomfanya awe mpinzani mgumu kushindwa alipokuwa nje ya serikali. Mazoea hayohayo hayakupata mahali pa kukaa alipoingia serikalini mwaka 2003. Kwa maoni yangu miaka yake ya uwaziri msaidizi ndiyo dhaifu kuliko yote, na sidhani kwamba kosa lilikuwa lake.

---

Daktari wa Ng'ombe, Kabete

Mzee, shikamoo, na ahsante kwa kuanza na ng'ombe, maana sisi wa fani hii tumezoea kusahaulika.

Ningependa kuongeza jambo ambalo wengi hulipita. Katika miaka ya sabini alikuwa akifanya utafiti kuhusu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva na kuenezwa na kupe wa kahawia anayejificha ndani ya sikio la ng'ombe. Mfugaji anaujua ugonjwa huu kwa kuvimba kwa tezi za shingoni, homa kali, na mwisho mnyama hushindwa kupumua kwa sababu mapafu yamejaa maji. Ng'ombe wa kigeni tuliowaleta kwa ajili ya maziwa ndio huangamia zaidi. Ili kuwakusanya kupe hao ilimlazimu aende mashambani, na huko ndiko alikoona mito imebeba udongo mwekundu, ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho, na kina mama wakihangaika kutafuta kuni. Alieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa kupe hakuwa tishio kubwa kwa mifugo kuliko ardhi yenyewe iliyokuwa ikichakaa.

Mtazame kama mtafiti. Mtafiti wa kawaida angemaliza kukusanya kupe wake, akaandika makala, akapanda cheo, na hayo ya udongo angeyaacha kwa watu wa idara ya kilimo. Yeye alikubali kwamba swali alilopewa lilikuwa dogo kuliko jibu alilolikuta njiani, na katika fani yetu uamuzi wa namna hiyo una gharama, kwa sababu chuo hakikupandishi cheo kwa swali lisilo la idara yako.

---

Binti Mwalimu

Nakubaliana nanyi kuhusu kupe, lakini tusifiche kwamba siasa ilitangulia miti. Mumewe, Mwangi Mathai, aligombea kiti cha Lang'ata katika uchaguzi wa 1974 na kuwaahidi wapiga kura kazi. Wanasiasa wengi huona ahadi ya kampeni kuwa imekwisha siku kura zinapohesabiwa. Mama huyu ndiye aliyepata wasiwasi kwamba watu wale wangekuja kuidai. Akaanzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare, yenye kitalu cha miche katika msitu wa Karura, ili watu wasio na ajira wapate kazi ya kupanda na kutunza miti. Miche ilionyeshwa katika maonyesho ya kilimo ya Nairobi mwaka 1975, wageni wakaisifu sana, na hakuna aliyenunua. Mradi ukafa kwa kukosa fedha.

Kutokana na kushindwa huko, na baada ya kuhudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi huko Vancouver mwaka 1976, alilipeleka wazo hilo kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Tarehe 5 Juni 1977 waliandamana kutoka jumba la mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji na kupanda miti saba. Kwa hiyo, Mzee wangu, mimi nasema mwanasayansi huyu hakuingia siasani mwaka 2002 wala 1982. Aliingia kupitia ahadi ya mtu mwingine.

---

Mzee wa Ngara

Binti Mwalimu, hilo la Envirocare linaipa hoja yangu nguvu. Angalia alichobadilisha mradi ulipofufuka chini ya jina la Green Belt Movement: kikundi cha wanawake hakikulipwa kwa miche kiliyoipanda, kililipwa kwa mche uliothibitika kwamba umeshika. Malipo yalikuwa madogo sana, senti nne hivi za Marekani kwa kila mche, lakini sharti la kurudi shambani na kuhesabu iliyo hai ni sharti la mtu aliyefundishwa kutoamini takwimu za siku ya kwanza. Nchi hii imeshuhudia viongozi wengi wakipanda miti mbele ya kamera, na sijui ni wangapi waliowahi kurudi mwaka uliofuata kuiangalia. Kamati ya Nobel ilipomtangaza kuwa mshindi wa tuzo ya amani mwaka 2004 ilizungumzia miti milioni 30, na hesabu hiyo ilianza kwa kina mama walioandika katika madaftari.

---

Wakili Mdogo wa Milimani

Naomba nichangie upande wa sheria, kwa kuwa mwaka 1982 umetajwa bila kuelezwa, na kwangu ndio mwaka unaobeba uzi wote.

Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi mdogo katika eneo la kwao Nyeri. Sheria ilimtaka mtumishi wa chuo ajiuzulu kwanza ndipo agombee, naye akajiuzulu. Baada ya hapo akaambiwa kwamba hastahili kugombea kwa sababu hakujiandikisha upya kuwa mpiga kura wakati wa uchaguzi wa 1979. Alikwenda mahakamani akashindwa. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa, na baadaye akatakiwa aondoke katika nyumba ya chuo. Takriban miaka 16 ya kazi iliondoka hivyo. Kumbukeni pia kwamba mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Rais mwenyewe.

Tunaposema "mwanasayansi aliyegeuka mwanasiasa", tunampa mtu hiari ambayo huenda hakuwa nayo. Alitaka ubunge, sikatai, lakini hakutaka kuiacha anatomia kwa namna ile. Mlango mmoja ulifungwa mbele yake na mwingine nyuma yake, akabaki kwenye korido na shirika la miche, lililokuwa bado dogo.

Niongeze kwamba kanuni ya kujiuzulu haijaondoka vitabuni. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka afisa wa umma anayekusudia kugombea ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya uchaguzi. Ninaelewa sababu yake, kwani hakuna anayetaka ofisi ya umma igeuzwe ofisi ya kampeni. Lakini mhadhiri wa kemia mwenye watoto shuleni atafikiri mara kumi kabla ya kuweka mshahara wake mezani, ilhali mfanyabiashara mwenye majumba ya kupangisha hana wasiwasi wowote. Kisha tunashangaa kwa nini Bunge letu limejaa wa aina moja.

---

Mtu wa Kariobangi

Wasomi wangu, kwa heshima zote, mnamvisha koti jeupe mtu aliyeshinda kwa ujasiri. Jumba lile la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa katika Uhuru Park mwaka 1989 halikuzuiwa na hadubini. Lilizuiwa na mwanamke aliyekataa kunyamaza, pamoja na wafadhili wa nje walioogopa aibu. Tuseme ukweli.

---

Mzee wa Ngara

Ndugu wa Kariobangi, ujasiri ulikuwapo, na sijaupunguza. Lakini hebu fuatilia alichokifanya hasa. Alianza kwa barua. Aliliandikia gazeti la Kenya Times, ambalo ndilo lililohusika na mradi, akaiandikia Ofisi ya Rais, Tume ya Jiji la Nairobi, wizara zilizohusika, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, UNESCO, na hata balozi wa Uingereza, Sir John Johnson, akimkumbusha kwamba jengo la namna hiyo lisingeruhusiwa katika Hyde Park ya London. Alikuwa akiomba maelezo ya mradi na kutaka athari zake zijulikane. Alichojibiwa hakikuhusu mradi hata kidogo. Wabunge walimkejeli kwa talaka yake na ya wenzake, Rais akasema mwanamke wa Kiafrika anayefuata mila angewaheshimu wanaume na kukaa kimya, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali na kuhamia nyumbani kwake. Unapoiuliza serikali swali la vipimo ikakujibu kwa ndoa yako, kila msomaji wa gazeti anaona nani hana jibu. Wawekezaji walijiondoa mwanzoni mwa 1990.

Hata hivyo nakupa haki yako katika jambo moja: mwaka 1992, alipokaa na kina mama wa wafungwa wa kisiasa katika ile pembe ya Uhuru Park mpaka polisi wakampiga akazimia, hapakuwa na sayansi yoyote. Ule ulikuwa moyo.

---

Mwana wa Tetu

Nimesoma kimya tangu asubuhi, na sasa naomba niseme kwa niaba yetu tuliompigia kura, kisha tukamnyima.

Alijaribu mwaka 1997, urais kwa tiketi ya Liberal Party pamoja na ubunge wa Tetu, na akashindwa vyote. Karibu na siku ya kupiga kura magazeti yaliandika kwamba amejiondoa, jambo ambalo halikuwa kweli. Desemba 2002, upepo wa NARC, muungano wa vyama vya upinzani, ulipovuma, tulimpa takriban asilimia 98 ya kura. Januari 2003 Rais Kibaki akamteua kuwa waziri msaidizi wa mazingira. Msaidizi, jamani. Mtu aliyepigania Karura hadi kupasuliwa kichwa Januari 1999, akaisaini taarifa yake polisi kwa damu yake, anapewa cheo ambacho katika serikali zetu za wakati huo hakikuwa na bajeti wala sahihi ya mwisho. Hapo nakubaliana na mwenye uzi.

Lakini msiyafanye yote kuwa makosa ya serikali. Kuanzia 2003 kulikuwa na Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, na mwananchi wa Tetu alianza kumpima mbunge wake kwa vyumba vya madarasa, maji ya mfereji na basari. Profesa alikuwa akitafutwa na dunia nzima, hasa baada ya 8 Oktoba 2004, siku ambayo habari ya Nobel ilimkuta akiwa njiani kuja Nyeri, akasimama katika hoteli ya Outspan akapanda mti wa Nandi (Nandi flame) uelekeao Mlima Kenya. Sisi tulishangilia. Kisha tukaanza kuuliza ni lini atakuja kwenye harambee ya shule. Mwaka 2007 aliangushwa katika kura za mchujo za PNU, muungano wa Rais Kibaki, akagombea kwa chama chake cha Mazingira, akaanguka tena. Nasema bila aibu kwamba mpiga kura hakuwa mjinga. Alikuwa akichagua mtu wa kazi nyingine.

---

Mkereketwa wa Takwimu

Mwana wa Tetu amesema vizuri, lakini uzi unaozungumzia sayansi ndani ya siasa hauwezi kulikwepa jambo lisilopendeza. Mwaka 2004 gazeti moja la humu nchini liliripoti kwamba katika warsha huko Nyeri alisema virusi vya UKIMWI vilitengenezwa kwa makusudi na wanasayansi. Habari hiyo ilifufuka baada ya tuzo na kumsumbua ulimwenguni. Desemba mwaka huo alitoa taarifa kwamba hasemi wala haamini kuwa virusi hivyo viliundwa na watu weupe ili kuwaangamiza Waafrika, na akaziita fikra kama hizo ovu na za kuangamiza. Taarifa naikubali. Ninachouliza ni hiki: kwa nini profesa aliyesomea biolojia afike mahali pa kuhitaji kutoa taarifa ya namna hiyo?

---

Daktari wa Ng'ombe, Kabete

Kwa sababu alikuwa jukwaani, Ndugu. Darasani mwanafunzi akikuuliza swali gumu unaweza kumwambia kwamba jambo hilo halijathibitika, mkaendelea. Kwenye mkutano wa hadhara, wananchi waliozika watoto wao wanataka jibu, na mwandishi wa habari anataka kichwa cha habari. Simtetei, naona kwamba suala la asili ya virusi lilikuwa na utafiti wa kutosha tayari, unaoelekeza kwa sokwe, na mwanabiolojia alipaswa kusimama hapo tangu mwanzo bila kuyumba. Ila tukumbuke kwamba ni jambo moja katika maisha marefu, na kwamba alilikana hadharani.

---

Binti Mwalimu

Mnaonaje tukimlinganisha na Angela Merkel? Huyo alipata uzamifu wa kemia ya kwanta mwaka 1986, akafanya utafiti katika Akademia ya Sayansi ya Berlin Mashariki, ukuta ukaanguka 1989, na kufikia Januari 1991 alikuwa waziri. Mwaka 1994 alipewa wizara ya mazingira, na kuanzia 2005 hadi 2021 akawa kansela.

---

Wakili Mdogo wa Milimani

Dada, ulinganisho wako unaonyesha kitu kimoja kikubwa, nacho ni chama. Merkel aliingia katika chama kilichokuwa na ngazi, na aliyezipanda akafika. Profesa wetu alipita katika Liberal, akaja NARC iliyovunjika mikononi mwa wenyewe ndani ya miaka mitatu, akaunda Mazingira, akajaribu mchujo wa PNU. Hata angekuwa na akili mara mbili ya aliyokuwa nayo, hapakuwa na ngazi ya kupanda. Kisha mmoja alikuwa waziri kamili wa mazingira na mwingine msaidizi. Tofauti hiyo si ya heshima tu, ni ya nani anayeandika muswada na nani anayeujibia maswali Bungeni Jumatano alasiri.

---

Mzee wa Ngara

Mwana wa Tetu, nimekuachia nafasi makusudi kwa sababu wewe ndiye unayeweza kunijibu hili. Mimi nadhani mahali ambapo mwanasayansi na mwanasiasa waligongana waziwazi ni kwenye mfumo wa shamba, ule wa kumruhusu mkulima alime viazi na mahindi kati ya miche ya msitu wa serikali kwa miaka michache mpaka miti ifunge kivuli. Yeye aliupinga bila kuficha, akisema kwamba msitu uliogeuzwa shamba hauhifadhi maji tena na kwamba wakulima hawaondoki. Mwaka 2003 serikali mpya iliusimamisha. Kwa upande wa bayoanuwai na vyanzo vya maji alikuwa sahihi kabisa. Je, huko kwenu ulikuwa uamuzi wa kisayansi au wa njaa?

---

Mwana wa Tetu

Mzee, ulikuwa yote mawili, na ndiyo maana ulimgharimu. Pembezoni mwa Aberdare kulikuwa na familia ambazo hazikuwa na ardhi nyingine yoyote, na kwao katazo lilifika kama amri ya kuwafukuza. Misitu iliyolimwa vibaya tuliiona pia kwa macho yetu: mkulima mjanja aliutunza mche wakati ofisa yupo na kuukata mzizi akiondoka, kwa kuwa mti ukikua shamba lake limekwisha. Alichokisema profesa kuhusu tabia hiyo kilikuwa kweli, na wengi wetu tulikijua kabla hajakisema.

Kilichokosekana ni jibu la swali la pili, yaani watu hawa waende wapi. Shirika lake la zamani lingekaa nao chini ya mti kwa miezi, likawapa kitalu na malipo kwa mche ulioshika. Wizara iliwapa tarehe ya kuondoka. Jibu la kati lilikuja kwa Sheria ya Misitu ya 2005, iliyopitishwa yeye akiwa Bungeni na iliyoanza kutumika 2007, ambayo iliunda Huduma ya Misitu ya Kenya na kuvitambua vyama vya jamii vya misitu. Kilimo ndani ya mashamba ya miti kikarudi kwa jina jingine, safari hii kwa mikataba na kwa maeneo yaliyotengwa. Naibu Rais wa wakati huo alipotaja kuurudisha mfumo wa shamba mwaka 2022, mabishano yalikuwa yaleyale, na Wanjira, binti wa profesa, alikuwa miongoni mwa waliosimama kuyajibu. Huku kwetu hadi leo kuna kaya zilizogawanyika kuhusu jambo hilo: baba yuko katika kamati ya chama cha msitu, na mwana analima ndani yake bila kibali.